Dar imetanuka, huduma zifuate watu
Anayeishi Dar es Salaam ana mengi ya kushukuru. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni 5 mkoani, na penye watu pana riziki: bandari, Kariakoo, na soko la samaki la Feri, ambako changu na vibua hunadiwa asubuhi wakiwa bado wanang'aa. Lakini jiji limetanuka mno. Mkazi wa pembezoni, kama Chanika au Bunju, huamka saa kumi alfajiri, akabanana kituoni na wanafunzi ambao makondakta huwazuia kupanda kwa kuwa nauli yao ni ndogo. Usiku hurudi akakuta wanawe wamelala. Masika yakikolea, safari huwa ngumu zaidi: Mto Msimbazi hufurika na barabara ya Jangwani hufungwa. Watu walifuata viwanja vya bei nafuu pembezoni, huduma nyingi zikabaki katikati. Usafiri wa mabasi ya mwendokasi ulioanza 2016 umesaidia, ila hautoshi. Serikali na wawekezaji wapeleke hospitali, shule nzuri na ajira kule watu waliko. Hakuna anayestahili kuvuka jiji zima kumtafuta daktari.