Pikipiki Kuukuu ya Nchiru: Itengenezwe au Ikatwe?

Sisi watu wa pwani Meru twaijua kwa miraa, na wengi wetu ujuzi wetu unakomea hapo. Mwezi uliopita nilitoka Mombasa kwenda Nchiru, kwenye njia itokayo mji wa Meru kuelekea Maua, kumtazama mwana wa ndugu yangu. Kijana huyu anasoma katika Chuo Kikuu cha Meru cha Sayansi na Teknolojia, kilichopewa hati yake mwaka 2013. Nilidhani amenitaka kwa sababu ya karo. Kumbe alikuwa ameona pikipiki.

“Ami,” aliniambia, “ni ya zamani, na wanaiuza kwa bei ya chuma chakavu. Nitakata mkia wake, nibadili tangi, nitie magurudumu manene. Itakuwa hakuna mfano wake Meru nzima.”

Tukaenda. Ilikuwa imeegemezwa ukuta wa zizi, kuku wamelala juu yake miaka na miaka. Mwenyewe amekwisha fariki; amebaki mjane wake, bibi mwenye heshima zake, na mwanawe mkubwa ambaye ndiye aliyetaja bei, ile ile ya wanunuzi wa chuma wapitao na mizani mkononi. Nikalowesha kitambaa, nikapangusa tangi. Chini ya mavi ya kuku akatokeza jogoo.

Naam, msomaji wangu, ilikuwa BSA Bantam. Chombo hiki kilianza kuundwa Birmingham, Uingereza, mwaka 1948, na mchoro wake haukuwa wa Waingereza. Ni wa DKW ya Kijerumani, RT 125, uliochukuliwa baada ya vita kuwa sehemu ya fidia. Warusi nao waliutumia mchoro huo, Wamarekani wa Harley-Davidson wakautumia, na Yamaha ya kwanza kabisa, ya mwaka 1955, iliigizwa humo humo. Ama jina Bantam, ni la kuku wadogo walioitwa kwa bandari ya Banten kisiwani Java, mji uliokuwa na masultani wa Kiislamu na merikebu za kila taifa. Wallahi nilicheka peke yangu: jina la bandari ya Waislamu limezunguka dunia, likaja kulala zizini Nchiru.

Nikampa kijana kazi ya kwanza, ambayo wanunuzi wengi huiruka. Tuliisoma namba iliyogongwa kwenye injini na ile ya chasisi, tukazilinganisha na kitabu cha gari. Zilipatana. Nikapiga kiki taratibu kwa mkono. Pistoni ilipanda na kushuka, haikuganda. Lakini injini ya namna hii, inayokunywa petroli iliyochanganywa na oili, ina ugonjwa wake. Ikikaa sana, sili za ekseli ya injini hukauka, hewa ikapenya ndani, na mtu akiiwasha kwa pupa huunguza pistoni. Basi nikamkataza asiiwashe siku hiyo, akanuna.

Akanuna zaidi nilipomgeukia yule bibi nikamwambia, “Mama, hiki si chuma chakavu. Wako watu wanaovitafuta vyombo hivi, na bei yake si hii mliyotaja.” Kijana alinikanyaga mguu. Sharia yetu inamtaka muuzaji aseme aibu ya bidhaa yake. Mnunuzi ajuaye sifa ya bidhaa ambayo mwenyewe haijui, watu humwita mjanja na kumpigia makofi. Mimi simpigii. Bei ilipanda, nikatoa nilichokuwa nacho, nyingine nikaahidi. Na kitabu bado kina jina la marehemu, hivyo yabidi familia ipate kwanza hati ya mahakama ya kusimamia mirathi ndipo jina ligeuzwe. Anayenunua kwa mtoto mmoja na kukimbia usiku amenunua kesi.

Tulikuwa twarudi nilipoona ndani ya mfuko wake grenda ya kuazima.

Hapo ndipo tulipokosana. Yeye husema, na hasemi upuuzi, kwamba pikipiki isiyokwenda ni maiti, na vipuri vya Bantam havipatikani Meru wala Nairobi kwa urahisi. Kiwanda chenyewe kiliacha kuiunda mwaka 1971. Kwa nini asitie mkono wake? Mbona mimi mashairi yangu si ya babu yangu?

Nikamweleza jambo ambalo nilikuwa sijamwambia mtu. Nilipokuwa na miaka yake nilirithi daftari la babu, mashairi kwa herufi za Kiarabu. Neno moja silijui, naona laharibu mizani, nikalikwangua kwa wembe nikaandika langu. Miaka ishirini baadaye nilikutana na mzee mmoja wa Siyu aliyekuwa bingwa wa maneno ya kale. Nikamletea daftari. Akaweka kidole mahali pale, akauliza, “Hapa palikuwa na nini?” Karatasi imetoboka. Mpaka leo sijui.

Basi rai yangu ni hii, na vijana wa Nchiru na wa Kongowea na waichukue wakitaka. Kinachofunguliwa kwa spana, badilisha. Taa za betri ndogo za volti sita hazifai gizani; tia za kisasa, zile za zamani zifunge kwenye kitambaa uziweke. Kiti kimechanika, mpe fundi wa viti. Rangi pia, maana rangi hukwanguka ikapakwa nyingine. Bali chasisi ikishakatwa haiungiki ikawa ile. Hotelini nimewahi kunywea kahawa juu ya mlango wa nakshi uliokatwa miguu minne ukaitwa meza, na sikuweza kuimaliza kahawa ile. Anayetaka pikipiki ya kukata, boda boda zilizokufa zimejaa kila gereji.

Hakunijibu. Juzi amenipigia simu usiku, sauti imejaa vumbi la msasa. Grenda ameirudisha kwa mwenyewe. Sili moja ameipata, ya pili bado, na anauliza kama namjua mtu Mombasa.