Msiba wa Makaa ya Mawe Hauishii Makaburini

Asubuhi ya tarehe 21 Oktoba 1966, kilima cha kifusi cha mgodi wa makaa ya mawe kiliporomokea kijiji cha Aberfan, nchini Wales, kikaifukia shule ya msingi. Watu 144 walifariki, na 116 kati yao walikuwa watoto. Tume ya uchunguzi iliilaumu Bodi ya Taifa ya Makaa ya Mawe. Hata hivyo, sehemu ya gharama za kuondoa vifusi vilivyosalia ilichotwa katika michango iliyokusanywa kwa ajili ya wafiwa.

Maafa ya migodi huhesabiwa kwa idadi ya waliokufa, kisha daftari hufungwa. Hesabu hiyo ina upungufu. Miaka 33 baadaye, watafiti waliwachunguza manusura 41 waliokuwa watoto siku ile. 12 kati yao bado walikuwa na ugonjwa wa kiwewe, ambao humrudishia mtu tukio lile lile katika ndoto na kumbukumbu asizoziita.

Kwa hiyo wajibu wa huduma za afya ni mrefu kuliko matanga. Manusura, hususan watoto, wastahili kufuatiliwa kwa miaka mingi, na wazazi waliofiwa vilevile. Mhudumu anayempokea mgonjwa asiyepata usingizi hana budi kumuuliza pia yaliyompata zamani. Naye mgonjwa asione haya kuyasema: kiwewe si udhaifu wa moyo, bali ni jeraha, na jeraha hutibiwa hata likiwa la kale.