Waacheni Watoto Wasome Mauaji

Imani hii imekaa vichwani mwa wazazi, walimu na hata baadhi ya wahakiki wetu kwa muda mrefu kiasi kwamba hakuna tena anayeidai ushahidi. Inasema kuwa hadithi za mauaji yanayochunguzwa, za vijana wenye nguvu za ajabu, za shule zinazoelea angani, ni mambo ya Wazungu. Mtoto wa Kitanzania akizisoma anapoteza muda, na akizizoea anaharibika. Mpeni yatima mwenye adabu aliyeteswa na mama wa kambo, akasoma kwa bidii hadi akawa daktari. Hiyo ndiyo yetu.

Mimi ni mtu wa Tabora, na kwa mtu wa Tabora imani hiyo ni kituko.

Nianze na hilo la ugeni. Fumo Liyongo, shujaa wa Pate na Shaka, hakuletwa na meli kutoka Ulaya. Mwili wake haukuingiwa na silaha isipokuwa sindano ya shaba, na hiyo nayo ilibidi ipenye kitovuni. Siri hiyo aliijua yeye na mama yake. Mfalme aliyemwogopa alimrubuni mtoto wa Liyongo mwenyewe kwa ahadi za cheo na mke, na kijana akaichimba siri hiyo kwa baba yake, akamchoma usingizini. Liyongo akaamka, akaenda kisimani, akapiga goti na upinde mkononi, akafa hivyo hivyo. Watu wa mji wakakaa siku kadhaa bila kuthubutu kuteka maji, wakidhani yu hai. Haya, niambieni kimepungua nini. Yupo mwenye nguvu za ajabu na udhaifu wake mmoja, ipo silaha ya pekee, wapo muuaji wa ndani ya nyumba na tajiri aliyemtuma. Muhamadi Kijuma wa Lamu aliuandika utenzi wake mwaka 1913, na kisa chenyewe kilikuwa kimesimuliwa vizazi na vizazi kabla ya hapo.

Na anga? Shaaban Robert alichapisha Kusadikika mwaka 1951. Nchi yake ile inaelea hewani, na mmoja wa wajumbe wake anatumwa mbinguni. Tumekifundisha kitabu hicho shuleni miaka yote, tukiwachosha watoto kwa maswali ya dhamira na maudhui, bila hata siku moja kuwaambia kwa furaha: tazameni, Mswahili wa Tanga ametundika nchi nzima juu ya mawingu!

Wenzetu wameliona. Mwaka 1975 kampuni ya Marvel ya Marekani ilimwingiza mhusika wake Storm katika shule ya vijana wenye vipawa ya Profesa Xavier. Mama yake ni binti wa kifalme kutoka Kenya, na Profesa anamkuta hukohuko Kenya akiamuru mvua na upepo. Mpaka leo watoto wetu wanamlipia wamtazame kwa Kiingereza. Na Desemba 12, 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya kwanza iliyotengwa kuchunguza miale ya eksirei kutoka kwenye nyota. Waliipa jina Uhuru. Anga la wanasayansi lilikwishapokea Kiswahili zaidi ya miaka 50 iliyopita, ila rafu ya vitabu vya watoto ndiyo inayosema bado.

Lakini hayo ni ya pwani, na najua mtu atanijibu kwamba bara sisi tuna mambo yetu mazito. Basi twende njia ya misafara.

Agosti 1872, hapa Kwihara, kilomita chache tu kutoka Tabora mjini, David Livingstone alikuwa akingoja watu katika tembe ambalo hadi leo linaoneshwa kwa wageni. Stanley alikuwa ameahidi kumtumia watu kutoka Unguja, nao wakafika. Miongoni mwao walikuwemo vijana waliosoma Nasik, shule ya misheni ya Kianglikana huko India, karibu na Bombay. Waliosomeshwa pale walikuwa watoto wa Kiafrika waliokombolewa kutoka mikononi mwa wafanyabiashara wa utumwa, wakavushwa bahari, wakafundishwa kusoma, kuandika na kazi za mikono. Ukitaka shule halisi ya mashujaa wadogo, iliyo mbali na dunia yao kama sayari nyingine, hiyo hapo. Mmoja wao aliitwa Jacob Wainwright.

Livingstone akafa mwanzoni mwa Mei 1873, kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Hapo ndipo hadithi inapoanza, ingawa vitabu vingi humalizia hapo. Susi na Chuma, waliokuwa naye kwa miaka mingi, pamoja na wenzao, waliamua kumrudisha kwao. Farijala, ambaye aliwahi kumtumikia daktari mmoja Unguja na akaona jinsi maiti inavyopasuliwa, akaupasua mwili. Ndani akakuta pande la damu iliyoganda, kubwa kama kiganja cha mkono. Huo ni uchunguzi wa maiti, ndugu zangu, uliofanywa na mpagazi wa Kiswahili porini, na matokeo yake yakahifadhiwa. Moyo na matumbo vikazikwa chini ya mti, Wainwright akasoma ibada na kuchonga jina na tarehe kwenye gome. Mwili ukatiwa chumvi, ukakaushwa juani, ukafungwa kwenye gamba la mti na turubai.

Oktoba wakafika Unyanyembe, hapa kwetu Tabora. Walimkuta Mwingereza, Luteni Cameron, aliyewashauri wamzike hapahapa wasijitaabishe. Wakakataa. Mbele, kituo cha Kasekera, wenyeji hawakutaka maiti ipite nchini mwao. Sasa sikiliza walichofanya. Waliutoa mwili kwenye lile gamba, wakaufunga upya uonekane kama robota la nguo, mzigo wa kawaida kabisa katika njia ile. Kisha wakakusanya mabua, wakayafunga na kuyavika sanda kama maiti, wakawapa watu sita wayabebe kwa heshima zote kurudi Unyanyembe, eti wanakwenda kuzika. Usiku ulipoingia, wale sita wakayatawanya mabua msituni, wakapenya mmoja mmoja kuufuata msafara. Kasekera wakaridhika kwamba maiti imerudishwa. Maiti ilikuwa mbele yao, katikati ya mizigo ya kaniki na merikani.

Na kituoni hapohapo, Novemba mwaka huohuo, Dokta Dillon wa msafara wa Cameron, akiwa amezidiwa na homa, alijipiga risasi akafa. Mwandishi angeyabuni hayo yote kwa pamoja, mhariri angemwambia apunguze.

Februari 1874 wakafika Bagamoyo, baada ya miezi tisa na zaidi ya kilomita 1,600. Huko London waliuliza swali ambalo kila msomaji wa upelelezi hulisubiri: tutajuaje kama ni yeye? Daktari bingwa William Fergusson akaukagua mkono wa kushoto, akakuta mfupa uliovunjwa na simba miaka 30 nyuma ukaunga vibaya. Ushahidi ukatosha. Aprili 18 akazikwa Westminster, na Jacob Wainwright alikuwa miongoni mwa walioshika jeneza. Baadaye alirudi huku kwetu, akafia Urambo mwaka 1892. Mtoto gani wa Urambo leo amewahi kusimuliwa habari za mtu huyu? Sijaona filamu yake wala kitabu cha picha. Tunaambiwa upelelezi si wetu, na aliyeficha maiti kwenye robota la nguo alipita mbele ya nyumba zetu.

Nakubali, tena bila kusukumwa, kwamba umbo la riwaya ya upelelezi tumelipokea kutoka nje. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla ana kiko mdomoni na rafiki wa kumshangaa, Najum, na yeyote aliyesoma Sherlock Holmes atamtambua babu yake. Lakini miembe ya Tabora nayo ilikuja na misafara. Hakuna anayekula embe la hapa akalitema kwa kuwa asili yake ni Bara Hindi. Linaitwa embe la Tabora, na lina utamu wa Tabora.

Shitaka la pili ni zito zaidi: kwamba hadithi za mauaji hufundisha kuua. Hapa ndipo nakasirika kidogo, kwa sababu linasemwa hadi katika mikoa yetu hii ya magharibi na Kanda ya Ziwa, kana kwamba sisi tulisubiri vitabu. Vikongwe wa Unyamwezi na Usukuma wamekatwa mapanga usiku, macho yao mekundu kwa moshi wa kuni yakihesabiwa kuwa ushahidi. Watu wenye ualbino wamekatwa viungo wakiwa hai. Mwaka 2009 mambo yalifika mahali serikali ikafuta leseni za waganga wa jadi. Waliofanya hayo hawakupata funzo katika riwaya. Walilipata katika hadithi nyingine fupi sana, ambayo kila mtu huku anaijua: mtoto ameugua akafa, ramli imepigwa, jina limetajwa. Hadithi hiyo haina kurasa za katikati. Inaruka kutoka maiti hadi mkosaji bila kupita kwa shahidi.

Riwaya ya upelelezi ni zile kurasa za katikati. Kazi yake yote ni kuchelewesha jina. Nani alikuwa wapi saa ngapi? Nani anafaidika? Huyu tunayemchukia wote, je, mlango ulikuwa umefungwa kwa nje? Msomaji wa miaka 13 anajikuta amemhukumu mtu ukurasa wa 40, na ukurasa wa 120 anaona alivyomwonea. Sijui somo la uraia linalofanya hivyo. Ndiyo maana namvulia kofia Abdulla, mtu wa Makunduchi. Kitabu chake Mzimu wa Watu wa Kale, kilichoshinda shindano la uandishi la 1957 na 1958 la East African Literature Bureau na kuchapishwa mwaka 1960, kinaweka maiti mahali penyewe pa mzimu, ambapo kila mtu yu tayari kusema mizimu imeua. Bwana Msa anakataa. Anatafuta mkono wa binadamu, anaupata. Kitabu hicho kingegawiwa bure kila kata ya Nzega na Sikonge, kingefaa kuliko mabango ya semina.

Wahakiki waliigawa fasihi yetu mafungu mawili, dhati na pendwa, na upelelezi wakautupa la pili. Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla, ya mwaka 1965, ilisomwa na watu ambao hawajawahi kumaliza kitabu kingine chochote, lakini kwa wahakiki hilo lilikuwa kama kosa. Sisemi vyote ni vizuri. Elvis Musiba alijua kumkimbiza msomaji, lakini wanawake wanaomzunguka Willy Gamba wamechorwa kwa haraka na kwa tamaa, na hicho nisingempa mtoto. Ben Mtobwa ana mkono bora zaidi. Kitabu kibaya kikosolewe kwa ubaya wake, kama tunavyokosoa mashairi mabaya, na mashairi mabaya tunayo tele.

Sasa waniambie mandhari haipo. Tabora Boys ipo. Waingereza waliijenga miaka ya 1920 kwa ajili ya watoto wa machifu, wawaandae kutawala kwa niaba yao. Ni shule ya bweni iliyo mbali na kwao wengi, yenye viranja na upendeleo wao. Mwaka 1937 akaingia kijana wa Kizanaki, mtoto wa Chifu Burito, ambaye hakuupenda upendeleo huo wa viranja. Abdallah Fundikira wa Unyanyembe naye alisoma hapo. Miaka ikapita, kijana huyo, Nyerere, akawa kiongozi wa nchi, Fundikira akawa Waziri wa Sheria, na mwaka 1963 uchifu ukafutwa kisheria, na mwaka huohuo Fundikira akatoka serikalini. Shule iliyojengwa kuulea uchifu ilimlea aliyeuzika. Kuna marehemu, kuna mshukiwa, na mshukiwa amekiri Bungeni.

Mwandishi mwenye moyo achukue shule hiyo, aipandishe juu, izunguke dunia, dirishani Unyanyembe ikionekana kama doa la kahawia. Aijaze watoto wa watemi: mmoja anaita mvua, mwingine anabeba mzigo wa wapagazi mia, mwingine anasikia ngoma inayopigwa Ujiji. Kisha yule wa mvua akutwe amekufa bwenini, na hakuna aliyeingia wala kutoka. Kuna mtoto mmoja tu asiye na kipawa, mtoto wa mpishi, na asubuhi hiyohiyo wote wamekwisha kumtaja. Ana saa chache tu za kuuliza maswali kabla hawajamtupa nje.

Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu sasa ipo, na inapokea riwaya. Mswada kama huo ukifika mezani kwa waamuzi, nawaomba wausome hadi mwisho kabla ya kuamua kama ni wetu, na wasimwandikie mwandishi kwamba angeongeza yatima na mama wa kambo.