Sungura wa Anichkov na mafuta waliyopewa

Mwaka 1913, mjini Saint Petersburg, Nikolai Anichkov na Semen Chalatov waliwalisha sungura kolesteroli iliyoyeyushwa katika mafuta ya alizeti, na kuta za ateri zao, yaani mishipa inayotoa damu moyoni, zikajaa mafuta. Jambo lenye uzito zaidi ni kwamba sungura waliopewa mafuta ya alizeti peke yake hawakupata madhara hayo. Tena sungura ni mla majani, ambaye chakula chake cha asili karibu hakina kolesteroli, na ndiyo maana panya na mbwa, ambao hula nyama pia, hawakuugua kwa urahisi kama yeye.

Mafuta mengine yanayoweza kuwadhuru sungura ni ya maini ya samaki, na sifa yanazomiminiwa kwa ajili ya vitamini zake zimepita kiasi: yana vitamini A na D kwa wingi, ila huoksidika upesi na kuharibu vitamini E, ambayo ikikosekana misuli ya sungura hudhoofika, ilhali vitamini D ikizidi hugandisha chokaa kwenye aota, ateri kuu ya mwili, dosari isiyopaswa kuchanganywa na ile ya kuta za ateri kujaa mafuta aliyoiona Anichkov.