BENDERA IKISHUSHWA, MPISHI ATAKWENDA WAPI?



Kiwanja cha ndege za vita hakiishi milele. Lami hupasuka, mabanda hushika kutu, matangi ya mafuta yaliyofukiwa ardhini huanza kuvuja, na njia iliyotengenezwa kwa ndege za zamani haitoshi tena kwa ndege za sasa. Hapo mabwana wakubwa huketi mezani wakapiga hesabu, na hesabu ikionyesha kwamba kutengeneza ni ghali kuliko kuhama, kiwanja hufungwa. Rubani hupewa uhamisho. Afisa hupewa uhamisho, na mizigo yake hulipiwa nauli. Mpishi, dobi, fundi wa mota, karani wa stoo na mlinzi wa lango hawapewi uhamisho. Wao ni watu wa pale pale, na pale pale huachwa.

Wako wanachama wanaosema kwamba mambo ya jeshi ni mambo ya serikali na serikali, chama kiyaache. Sisi hatukubali. Mahali popote penye jeshi pana raia wanaofanya kazi kwa mshahara, na mahali popote penye mshahara pana kazi ya chama.

Tuchukue kisa cha Clark, katika nchi ya Ufilipino, kwa maana kinafanana na hali zetu: nchi iliyotawaliwa, ikapata uhuru, na jeshi la mtawala wa zamani likabaki kwa mkataba. Wamarekani waliikalia kambi ile tangu mwanzo wa karne ya 20. Mwaka 1947, mwaka mmoja tu baada ya uhuru, ulitiwa saini mkataba wa kuwaachia kambi kwa miaka 99. Mwaka 1966 muda huo ukapunguzwa, ukawekewa mwisho wake mwezi wa Septemba 1991. Kwa hiyo kila aliyejua kusoma tarehe alijua kwamba siku inakuja. Miaka 25 ni muda wa kutosha mtu kuzaliwa, kukua na kuajiriwa. Ilitosha pia kujiandaa, kama mtu angetaka.

Wafanya kazi walijaribu. Mwezi wa Machi 1986, wiki chache baada ya Rais Marcos kuikimbia nchi, maelfu ya Wafilipino walioajiriwa katika kambi za Marekani, Clark na ile ya manowari kule Subic, waligoma wakaziba malango. Katika madai yao makubwa lilikuwamo dai la malipo ya kuachishwa kazi. Tafadhali litazameni sana jambo hilo. Ndege zilikuwa bado zinaruka, mshahara ulikuwa bado unalipwa, na watu wale walikuwa wakidai kiinua mgongo cha siku ambayo haijafika. Hiyo ndiyo akili ya chama. Mtu anayeanza kudai kiinua mgongo baada ya lango kufungwa anadai kwa nani? Kwa mlinzi?

Halafu mlima ukaamua. Tarehe 10 Juni 1991 Wamarekani kiasi cha 14,500 waliondoka Clark kwa msururu wa magari, kwa kuwa volkeno ya Pinatubo ilikuwa imeamka. Tarehe 15 ikalipuka, na majivu yaliyolowa mvua yakaangusha mapaa. Kukisafisha na kukijenga upya kiwanja kizee kama kile kukaonekana ni gharama isiyofaa. Mwezi wa Julai serikali mbili zikakubaliana Clark irudishwe. Tarehe 16 Septemba Baraza la Seneti la Ufilipino likaukataa, kwa kura 12 dhidi ya 11, mkataba mpya ambao ungewaachia Wamarekani Subic kwa miaka mingine. Na tarehe 26 Novemba 1991 bendera ya Marekani ikashushwa Clark. Kutoka msururu ule wa magari hadi kushushwa kwa bendera ni miezi mitano na nusu.

Sisi hatuwalaumu maseneta wale. Nchi huru ina haki ya kumwambia mgeni kwamba sasa basi, na chama cha wafanya kazi kisichojua hivyo kimesahau kilikotoka. Lakini uhuru wa nchi na chakula cha mfanya kazi si maadui. Serikali inayoomba mgeni aondoke inaweza katika barua ile ile kumwomba alipe deni la watumishi wake. Ni jambo la kuandika mistari michache zaidi tu.

Basi mji wa Angeles, uliojengwa ukiegemea lango la Clark, ukaona taabu yake. Fundi aliyekuwa na barua ya ajira alikuwa angalau na karatasi ya kuonyesha. Je, mama aliyefua nguo za askari nyumbani kwake? Kijana aliyeendesha gari la abiria kutoka langoni hadi sokoni? Mshona nguo, muuza matunda, yaya, wasichana wa kwenye baa? Hao hawakuwa katika daftari la mtu yeyote, na kwa hiyo hakuna aliyewaachisha kazi. Kazi yenyewe iliwatoroka. Tena waliachwa watoto ambao baba zao ni askari wa Marekani. Sheria waliyoitunga Wamarekani mwaka 1982 ya kuwapokea watoto wa namna hiyo kutoka nchi kadhaa za Asia haikuitaja Ufilipino. (Watu wa Nanyuki hawahitaji kuelezwa habari ya watoto wa askari wageni.)

Lakini lililotukasirisha zaidi katika kisa hiki ni maji. Watu waliokimbia majivu na matope ya Pinatubo waliwekwa ndani ya kambi ile iliyoachwa, wakachimbiwa visima, wakanywa. Baadaye wazazi wakaanza kulalamika juu ya maradhi ya watoto wao. Mwaka 1992 wakaguzi wa Bunge la Marekani wenyewe walikuwa wameandika kwamba katika kambi zile mna mahali palipochafuliwa. Kiwanja cha ndege ni karakana kubwa: mna mafuta, mna dawa za kuondoa grisi kwenye vyuma, mna rangi, mna betri. Kwa miaka mingi vitu hivyo humwagika, na ardhi haisahau. Lakini mkataba wa mwaka 1947 ulisema wazi kwamba Wamarekani hawalazimiki kuzirudisha kambi katika hali waliyozikuta. Wafilipino wakaenda mahakamani Marekani kwa sheria ya Marekani ya kusafisha mahali penye sumu, na mwaka 2005 mahakama ya rufani ikawajibu kwamba sheria ile haivuki mipaka.

Sasa lipimeni hilo kwa kisa kingine. Katika mji wa San Antonio, Texas, kulikuwa na kiwanja cha Kelly, kizee kuliko vingi, kilichoanza mwaka 1917. Kilikuwa karakana ya kutengeneza ndege za jeshi, na kwa vizazi viwili vitatu familia nyingi za Wamarekani wenye asili ya Meksiko zilipata humo kazi ya ufundi yenye mshahara wa heshima, wakati milango mingine ya mji ilikuwa imefungwa kwao. Mwaka 1995 iliamuliwa kifungwe. Kikafungwa mwezi wa Julai 2001. Miaka sita! Katika miaka hiyo baadhi ya kazi zilihamishiwa kambi nyingine, na kampuni za ndege zikaletwa kukodi mabanda yale yale, ili fundi aweze kupata kazi nyingine bila kuuza nyumba yake. Huko nako maji ya chini ya mitaa ya jirani yalionekana yana dawa ya kuondoa grisi, na wakazi wana uchungu hadi leo. Lakini jeshi la anga lililazimishwa na sheria kuingia katika kazi ya kusafisha. Sumu ni ile ile, jeshi ni lile lile. Tofauti ni mahali anapokaa mnywaji wa maji na kile kilichoandikwa kabla.

Haki itendeke: Clark haikufa. Mwaka 1992 Ufilipino ilitunga sheria ya kuzigeuza kambi ziwe mahali pa biashara, na leo kuna kiwanja cha ndege za abiria, viwanda na ofisi, na walioajiriwa ni wengi kuliko wale wa wakati wa jeshi. Viongozi hupenda sana kuwaonyesha wageni mfano huo. Sisi twauliza swali moja tu. Aliyekuwa na miaka 45 mwaka 1991, fundi wa mota za ndege, alikula nini mpaka kiwanda kikafunguliwa? Na kiwanda kilipofunguliwa, kilimtaka yeye, au kilimtaka msichana wa miaka 19? Wenzetu wa Athi River wanajua viwanda vya kuuza nje hupenda kuajiri watu wa namna gani, na kwa mkataba wa muda gani.

Sisi Kenya si wageni wa mambo haya. Baada ya vita vya pili Waingereza walianza mwaka 1947 kujenga ghala kubwa la jeshi Mackinnon Road, katikati ya vichaka na vumbi, wakaajiri watu wengi, na baada ya miaka michache tu wakaliacha. Kisha wakati wa Hali ya Hatari mahali pale pakawa pa kufungia watu. Kiwanja cha Eastleigh, hapa Nairobi, Waingereza walikitoa mwaka 1964 kikawa cha jeshi letu la anga. Kambi ya Kahawa ilitolewa mwaka 1965 ikageuzwa chuo, na chuo hicho leo ni Chuo Kikuu cha Kenyatta. Hayo ya Kahawa twayasifu bila shaka yoyote. Lakini tukisoma habari za makabidhiano, twasoma majina ya majemadari na mawaziri na idadi ya majengo. Dobi hatajwi.

Na leo wako Wakenya walioajiriwa na jeshi la Uingereza Nanyuki. Ile ni kambi ya mafunzo, si kiwanja cha ndege za vita, lakini jambo ni lile lile: ipo kwa mkataba wa serikali mbili, na mkataba wowote una tarehe. Sheria yetu ya Ajira ya mwaka 2007 inasema mtu akipunguzwa kazini, chama chake na ofisa wa kazi wapewe notisi isiyopungua mwezi mmoja, na alipwe si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka alioutimiza. Hiyo ni sakafu, si dari. Tena serikali ya kigeni ikishtakiwa yaweza kusimama mahakamani ikadai kinga. Ndiyo sababu twasema kwamba malipo ya wafanya kazi yaandikwe ndani ya mkataba wenyewe wa ulinzi, pamoja na usafishaji wa ardhi na maji, na fedha ziwekwe benki hapa nchini kabla ya siku ya kuondoka. Wabunge huletewa mikataba hii waikubali au waikatae. Basi waulizwe na wapiga kura wao kama wamesoma ukurasa wa watumishi, na kama ukurasa huo haupo, waulizwe kwa nini.

Vibarua nao wasikilize. Mtu aliyefanya kazi mfululizo mwezi mmoja, au aliyepewa kazi isiyoweza kumalizika kwa miezi mitatu, sheria haimhesabu tena kibarua, hata kama bwana wake anamwita hivyo kila Jumamosi. Lakini atathibitishaje? Wengi wetu karatasi ya mshahara hutupwa jioni ile ile, au hufungiwa sukari.

Kwa hiyo twaomba kila mwanachama anayefanya kazi katika kambi yoyote, ya wageni au ya jeshi letu, afanye hivi mwezi huu. Atafute barua yake ya kuajiriwa, kadi yake ya lango na karatasi zake za mshahara, hata zilizochakaa. Azitolee nakala. Asili abaki nazo nyumbani, si kwenye kabati la kazini, kwa maana siku ya kufungwa hataruhusiwa kuingia. Nakala ampe katibu wa tawi. Na asiye na barua ya kuajiriwa aje ofisini atuambie alianza kazi mwaka gani na ni nani waliokuwa pamoja naye, tuandike wakati mashahidi wake wangali hai na wangali kazini.