Miaka 30 ya Kiti cha Upande wa Pili

Kutoka Soko la Toi huko Kibera hadi Kawangware, Nairobi, ni mwendo wa miguu. Ukivuka Barabara ya Ngong umeshaanza kukaribia. Hata hivyo, Desemba 29, 1992, majirani hawa walipiga kura kila mmoja kivyake. Kibera, wakati huo ikiwa ndani ya eneobunge la Lang'ata, ilimwangusha Philip Leakey wa chama tawala, KANU, na kumtuma bungeni Raila Odinga wa FORD-Kenya. Kawangware, upande wa Dagoretti, ikamchagua Chris Kamuyu wa FORD-Asili. Kuhusu chama hawakukubaliana. Walichokubaliana ni kwamba serikali ipate wa kuihoji.

Desemba 2022 ilitimia miaka 30, na tulikisherehekea kiti chenyewe, kile cha mkono wa kushoto wa Spika, kuliko yeyote aliyewahi kukikalia. Tangu chama cha upinzani cha KPU kipigwe marufuku mwaka 1969, uchaguzi haukuwa umelipa Bunge chama cha pili. Mwaka 1992 KANU ilipata viti 100 kati ya 188, na wapinzani, pamoja na kugombana kwao, wakajaza 88 vilivyobaki.

Katika safari ya mbunge wa Lang'ata, wengi hukumbuka kizuizini, mikutano ya Kamukunji ya Kibera na jina la Tinga, lililotokana na trekta, nembo ya chama chake cha NDP. Sisi tunakumbuka zaidi jambo ambalo halina wimbo. Baada ya babake, Jaramogi Odinga, kufariki Januari 1994, Raila alivutana na Michael Wamalwa juu ya uongozi wa FORD-Kenya, akashindwa, akahama. Alipohama aliacha na kiti. Mwanzoni mwa 1997 akarudi kwa wapigakura wale wale katika uchaguzi mdogo, akiwa na chama hicho cha NDP, ambacho wengi walikuwa ndio kwanza wanakisikia, nao wakamrudisha bungeni.

Sheria iliyomtaka afanye hivyo ilitungwa mwaka 1966 kwa ajili ya babake. Jaramogi na wenzake walipoihama KANU kwenda KPU, serikali iliharakisha marekebisho ya Katiba ili kila aliyehama arudi kuomba kura upya. Kamba iliyosokotwa kumfunga baba, mwana akaishika mwenyewe miaka 31 baadaye. Kifungu cha namna hiyo bado kimo katika Katiba ya 2010, nambari 103, lakini wabunge wa siku hizi wanajua kuzunguka: mtu hubaki na kadi ya chama kimoja na moyo wa kingine, akisema anatafuta maendeleo.

Raila naye hakuwa malaika. Mwaka 2001 aliingia katika baraza la mawaziri la Rais Moi, na Machi 2002 NDP ikamezwa na KANU. Kwa miezi ile, Kibera ilikuwa na mbunge lakini haikuwa na mpinzani. Oktoba ya mwaka huo huo akatamka "Kibaki Tosha" pale Uhuru Park, kumuunga mkono mgombea urais wa upinzani, na siasa ikageuka tena.

Katiba mpya ilileta ugumu mwingine: anayeshindwa urais hana kiti. Tangu 2013 kiongozi wa upinzani amekuwa nje ya Bunge, hali Kibera, sasa eneobunge kamili la Kibra, ikiwakilishwa kwanza na Ken Okoth, mzaliwa wa mtaa huo, aliyepigania shule hadi saratani ilipomchukua Julai 2019. Maswali yasipopata mahali pa kuulizwa ndani huingia barabarani, na barabara zenyewe ndizo hizi zetu. Oktoba 2017, baada ya uchaguzi wa marudio, maduka yaliteketea Kawangware.

Desemba 2022 Rais Ruto aliwaandikia maspika akipendekeza ofisi rasmi ya kiongozi wa upinzani. Tunaukaribisha mjadala, ila mlo unaopakuliwa na mpinzani wako huliwa kwa uangalifu. Ofisi hiyo ikiwa ni magari, walinzi na bajeti tu, ibaki Ikulu ilikobuniwa. Ikiwa itampa mwenyewe nafasi ya kusimama mbele ya Spika na kumhoji waziri uso kwa uso, kuhusu maji ya Laini Saba au barabara za Gatina, basi wabunge wa Kibra na Dagoretti Kaskazini wawe wa kwanza kuiunga mkono.