Dada Staa, Hilo Jasho Lako Limetuletea Kesi Nyumbani

Kuna dada mmoja maarufu mjini hapa, jina kapuni, kila siku anatupostia yuko kwenye sauna yake ya infraredi nyumbani, jasho linamtiririka, eti "natoa sumu mwilini". Mdogo wangu hapa Mwananyamala akaingia kichwa kichwa: pesa ya kikoba ikaenda kwenye blanketi la umeme linalotoa miale hiyohiyo. Siku ya kwanza akapungua kilo moja, shangwe! Akanywa maji, kilo ikarudi. Jamani, sumu zinatolewa na ini na figo. Jasho ni maji na chumvi.

Silibezi. Nimelala humo nusu saa, mgongo ukalegea, usingizi mtamu. Ila hata nyungu tuliyopiga kipindi cha korona, mchaichai na mwarobaini chini ya shuka, ilinilegeza hivyohivyo, na umeme wa LUKU haukuisha.

Kilichonichefua ni mama. Ana presha, akataka kuacha vidonge kwa sababu "yule binti kasema inashusha". Dada yetu, mbona kwenye video hukusema wenye presha wamuone daktari kwanza?

Blanketi nimelichomoa, liko juu ya kabati. Mama kaninunia mpaka leo.